Kumzuru Rafiki Aliye Ng'ambo ya Mpaka

Likizo kubwa ya shule huwa wakati wa kiangazi, toka Julai hata mwanzo wa Septemba. Mvua imepungua, vilima vya Masisi vyapitika, na mikono yapata nafasi kidogo. Ndio wakati ambapo wengi huwaza kwenda kumtazama rafiki aliye mbali. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Lakini safari ya nchi ya kigeni yataka akili na moyo mwema. Somo hili laeleza mambo hayo mawili.

I. Rafiki yuko wapi?

Watu wa Masisi na Walikale wana rafiki wengi nchi za jirani, maana vita vimewatawanya. Mwezi wa Julai 1994 Wanyarwanda wengi mno walivuka mpaka wakapiga kambi kandokando ya Goma. Mwaka 1996 mambo yakageuka: watu wa Masisi wenyewe wakavuka kwenda Rwanda, na mwisho wa mwaka ule ikafunguliwa kambi ya Kiziba, juu ya mlima, upande wa Karongi. Huko Uganda, makao ya Rwamwanja katika wilaya ya Kamwenge yalifunguliwa mwaka 1964 kwa wakimbizi wa Rwanda, yakafungwa mwaka 1995, kisha yakafunguliwa tena mwaka 2012 kwa ajili ya Wakongo. Basi tazameni: aliyekuwa mwenyeji jana ni mgeni leo. Asimdharau mtu mwenziwe kwa kuwa ni mkimbizi.

Jambo la kwanza ni kuuliza rafiki akaa wapi sasa. Wengi walijua kwamba ndugu zao wako Gihembe, karibu na Byumba. Lakini kambi ile ilifungwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Mahama, mbali sana, upande wa mashariki ya Rwanda. Mwenye kuondoka bila kuuliza atafika mlimani akute nyumba zimebomolewa.

II. Kwa nini aliyebaki ndiye aende?

Wengine hunung'unika: “Mbona yeye haji? Hata matanga ya baba yake hakuja. Ametusahau.” Wanenao hivyo hawajui sheria. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 wasema kwamba mkimbizi akijirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake, au akirudi kukaa humo, aweza kupoteza hifadhi aliyopewa. Kwa hiyo mkimbizi mwenye busara huogopa kuvuka, hata machozi yakimtoka. Si kiburi. Basi mwenye njia iliyo wazi ndiye apige hatua. Ndivyo alivyofanya Bikira Maria: alisikia habari za Elizabeti, akapanda nchi ya milima, akakaa kwake kama miezi mitatu. Hakungoja kuitwa.

III. Matayarisho ya njia

Kwanza, amani ya njia. Kundi la M23 lilishika Bunagana mwezi wa Juni 2022 na Goma mwisho wa Januari 2025. Pahali pa vita, njia iliyo wazi leo yaweza kufungwa kesho. Msafiri aulize habari kwa watu waliopita juma lile lile, wala asisadiki uvumi wa sokoni. Kijana asiondoke bila ruhusa ya wazazi.

Pili, hati. Aulize mapema ni hati gani ipokewayo mpakani, na ya siku ngapi. Asipite njia ya porini kwa kukimbia maswali: akikamatwa, atamtia matatani na rafiki yake. Achukue pia kadi ya manjano, ishuhudiayo chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 chanjo ile moja yahesabiwa kuwa ya maisha yote.

Tatu, desturi za nchi. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008; basi vitu vyake avitie katika kikapu au mfuko wa kitambaa, la sivyo atanyang'anywa mfuko mpakani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, toka saa mbili hata saa tano asubuhi, na magari husimama. Asipange safari saa zile. Uganda magari hupita upande wa kushoto: mtu wa kwetu atazame kuume kwanza kabla ya kuvuka barabara. Tena saa ya Uganda imetangulia: Goma ikiwa saa mbili asubuhi, Kisoro imekwisha kuwa saa tatu. Wengi wameachwa na gari kwa kutojua neno hili dogo.

IV. Mwenendo wa mgeni

Akifika, aende pamoja na mwenyeji wake kwa wakuu wa kambi, ajulikane. Kisha akumbuke jambo hili: kambini msaada wa chakula hupimwa kwa hesabu ya watu walioandikwa nyumbani mle. Mgeni hakuandikwa. Kila sahani alayo imepunguzwa kwa watoto. Mwenyeji hatasema neno, maana ataona haya. Atachinja hata kuku wake wa mwisho. Basi mgeni asije mikono mitupu. Mtu wa Masisi achukue maharagwe au jibini, mtu wa Walikale mafuta ya mawese, kwa kadiri ya sheria za mpakani. Na wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asingoje kupewa: ateke maji, apasue kuni, ashike jembe mwenyewe. Wala asikae hata wamchoke.

V. Neno zito: habari za nyumbani

Usiku, watoto wakiisha lala, rafiki atauliza: “Na shamba langu?” Hapa ndipo urafiki unapojaribiwa. Huenda shamba limekwisha kuchukuliwa na mwingine. Huenda alilimaye ni ndugu yake mgeni, au mgeni mwenyewe.

Mgeni asiseme uongo: “Shamba liko salama.” Siku moja rafiki atarudi na kuona kwa macho yake, na hapo atakuwa amepotewa na shamba na rafiki pamoja. Lakini pia asimwage maneno ya hasira, wala asiongeze ya uvumi. Katika nchi yetu watu wengi wamekufa kwa ajili ya mipaka ya mashamba. Aseme aliyoyaona tu: nani analima, tangu lini, miti gani ya mpaka ingali imesimama. Ikiwa yeye mwenyewe ndiye alimaye, aungame mbele ya rafiki, wapatane mavuno yagawanywe vipi na shamba lirudishwe lini, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Neno hili ni chungu kulitamka. Lakini asiyeweza kulitamka, zawadi zake zote ni kifuniko cha wizi.

Kadhalika akirudi nyumbani, achunge ulimi. Asitangaze nyumba ya rafiki iko wapi, wala nani hukaa naye. Salamu azifikishe kwa wenyewe, si kwa barabara nzima.

VI. Safari isipowezekana

Mara nyingi njia imefungwa au fedha haitoshi. Hapo rafiki asisahauliwe: kuna simu, kuna barua. Asiyejua ndugu yake alipotelea wapi aende kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Hao hutafuta waliopotezana kwa vita na kupeleka barua zao, wala hawatozi malipo.

Maswali

1. Kwa nini mkimbizi huogopa kuja nyumbani, hata kwa matanga?
2. Mgeni wa kambini amkosea nani akija mikono mitupu?
3. Rafiki akiuliza habari za shamba lake, mgeni ajibu nini? Asijibu nini?

Tendo la juma hili: kila mmoja amkumbuke mtu mmoja wa kijiji chake aliyekimbia, aulize yuko wapi sasa, amtumie salamu. Na alimaye shamba la mtu aliyekimbia, aende akaitazame miti ya mpaka, asiikate.