Waja Leo, Waondoka Leo? Siku Moja ya Nchi Kavu na Bahari Kule Moa

Watu wa Tanga wana usemi ambao mgeni huusikia kabla hajatua mzigo: waja leo, waondoka leo? Huulizwa kwa kumsuta anayetaka kupita mbio. Mimi usemi huo umenikaa kichwani kwa sababu ya Moa, kijiji cha pwani ya wilaya ya Mkinga, jirani kabisa na mpaka wa Kenya. Kule siku moja ikipangwa vizuri inatosha kutembea nchi kavu asubuhi na kuingia baharini mchana. Ikipangwa vibaya, utarudi na tope hadi magotini na picha za chombo kilicholala ubavu.

Yalinikuta. Mara ya kwanza nilifika saa nne asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Nilikuwa nimepangiwa safari na mtu wa mjini aliyejitia mwenyeji: gari lipo, chakula kipo, boti ipo. Hakuna aliyeuliza habari za maji. Diko lilikuwa kavu. Boti imekaa kwenye tope, mashine imeinuliwa, nanga iko juu ya mchanga na kamba yake imelegea, na kaa wadogo wanapita chini ya usukani kama wenye nyumba. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mweupe huko mbali. Mzee mmoja alikuwa kivulini anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama viatu, kisha akaniuliza: “Mwanangu, mwezi wa jana hukuuona?”

Swali hilo ndilo mwongozo wote, na yanayofuata hapa ni maelezo yake tu.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupwa mno na kujaa mno, tofauti ikakaribia mita nne. Siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi hiyohiyo ya saa nne utayakuta yamejaa. Huhitaji jedwali kukumbuka haya. Tazama mwezi, kisha mpigie nahodha umuulize.

Siku ninayoipendekeza mimi ni ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu. Kupwa kwake huangukia karibu na saa sita mchana. Asubuhi yenye ubaridi unatembea nchi kavu, saa tatu au saa nne unashuka na maji yanayotoka, adhuhuri uko juu ya fungu la mchanga lililo wazi, na alasiri maji yanayojaa yanakurudisha polepole kupitia mikoko. Bahari yenyewe inakupa ratiba. Siku za maji mafu geuza mpango: mikoko kwanza asubuhi, nchi kavu baada ya chakula, na fungu ulisamehe.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi inapoanza kulegea, mwezi wa pili na wa tatu, bahari hutulia na maji huwa meupe hadi chini. Masika ikishika, barabara ya vumbi inayoacha lami kushuka pwani huteleza, na mvua zikiisha kusi huwa imeshakomaa. Mwezi wa sita na wa saba sikushauri kabisa kutoka nje ya miamba kwa chombo kidogo, hata kama nahodha amekubali kwa sababu ya fedha yako. Inapofika maleleji, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mambo hurudi kuwa mazuri.

Kufika si kazi. Barabara ya Tanga hadi Horohoro ni lami, kilomita 65, na Moa iko upande wa kulia unapokwenda kaskazini. Ondoka Tanga alfajiri. Njiani utapita Amboni, penye mapango ya mawe ya chokaa, na karibu na hapo chemchemi za maji moto za Galanos, zilizobaki na jina la Mgiriki Christos Galanos aliyekuwa na mashamba ya mkonge enzi za ukoloni. Wengi hutaka kuyachanganya yote katika siku moja. Usifanye hivyo. Mapango yanahitaji asubuhi yake, na ukichelewa saa moja Amboni umeipoteza bahari ya Moa.

Moa usitarajie kibanda cha tiketi. Safari hupangwa kwa maneno, na maneno hayo yana adabu yake. Anzia ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji, kisha uliza viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi pale dikoni. Hao wanajua nani nahodha kweli na nani kijana aliyeazima boti ya mjomba wake. Afadhali hili lifanyike siku mbili tatu kabla, kwa simu ya mtu anayefahamika.

Mkishaonana na nahodha, zungumzeni bei ya chombo kizima, si ya kichwa, na mwelewane mafuta ni ya nani, mnarudi saa ngapi na mwenye kukutembeza nchi kavu analipwa kivyake au yumo humo. Kisha kagua. Jaketi okozi ziwe za idadi ya watu, na uvae yako kabla ya kuondoka badala ya kuikalia. Kuwe na kafi au upondo iwapo mashine itazima, na kopo la kufutia maji. Nahodha mzuri haoni vibaya kuulizwa. Akikuambia jaketi ziko nyumbani, mshukuru utafute mwingine.

Nchi kavu ya Moa ina habari ambazo macho peke yake hayawezi kuziona. Utaona minazi, mibuyu, mihogo, mbuzi kivulini. Mwenyeji ndiye atakayekuambia kuwa uko katika nchi ya Wasegeju, Wadigo na Wavumba, na kwamba Wareno waliandika jinsi Wasegeju walivyoiokoa Malindi mwaka 1589 kwa kuwapiga Wazimba waliokuwa wakipanda pwani na kuharibu miji. Vumba Kuu, mji wa kale wa Wavumba, uko ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Vanga. Watu hawa walikuwa jamaa kabla mpaka haujachorwa, na hadi leo harusi na misiba huwavusha.

Kaskazini ya Moa kuna Jasini. Tarehe 18 Januari 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliishambulia ngome ya Waingereza iliyokuwa katika shamba la mkonge hapo. Waliokuwa ndani wengi ni askari wa Kihindi, na kamanda wao, Kanali Raghbir Singh, aliuawa. Kesho yake walisalimu amri. Wajerumani walishinda, lakini walipoteza maofisa na risasi nyingi kiasi kwamba Lettow-Vorbeck aliona vita vya namna ile haviwezi tena, akageukia kuvizia na kukimbia, mtindo uliowaburura wapagazi wetu kwa maelfu kwa karibu miaka minne iliyofuata. Ukisimama Jasini, waulize wazee walichosimuliwa na babu zao kuhusu wapagazi. Mimi hilo ndilo hunishika, kwa sababu vitabu vimewataja maofisa kwa majina na waliobeba mizigo kwa idadi.

Na kusini, upande wa Tanga, kuna ghuba ya Manza. Miezi mitatu baada ya Jasini, tarehe 14 Aprili 1915, meli ya Kijerumani Rubens iliingia humo ikikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilikuwa imesafiri kwa jina la Kidenmaki, Kronborg. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliijaza maji makusudi ili ikae chini, na sitaha ikawaka moto. Waingereza wakadhani imekwisha. Walipoondoka, wazamiaji wakaanza kutoa chini ya maji bunduki na risasi ilizokuwa imebeba, na risasi zilizolowa zikafunguliwa na kukaushwa. Kama una gari na muda asubuhi, mwombe mwenyeji akupitishe Manza kabla ya Moa. Kama huna, msikilize akikusimulia mkiwa botini.

Sasa bahari. Vua viatu vya ngozi. Vaa raba kuukuu zisizotoka mguuni, kwa sababu tope la mikoko hula kandambili, na taa mwenye mwiba mkiani hupenda kujifukia mchangani penye maji machache. Burura miguu unapotembea majini badala ya kuinyanyua, naye atakusikia na kuondoka.

Mwambie nahodha azime mashine mnapoingia kwenye mkondo wa mikoko, asukume kwa upondo. Ndipo utakaposikia: kaa wakibofya tope, ndege wakigombana, maji yakinyonywa na mizizi. Muulize majina ya miti, kwa kuwa wageni wote huiita mikoko tu. Mkoko wenyewe ndio ule uliosimama kwa miguu mingi iliyopinda. Mchu hutoa vijiti vya kupumulia vinavyochomoza topeni kama kalamu za risasi. Mlilana hukaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, na mti wake ndio mafundi huutafuta kwa mataruma ya vyombo. Mkomafi una tunda la duara, kubwa, ambalo likikauka hupasuka vipande visivyorudishika pamoja tena; watoto huvichezea kama fumbo.

Maji yakiwa yamepwa, utawakuta akina mama kwenye mashamba ya mwani. Mwaga salamu kwanza, omba ruhusa, na picha isubiri. Nilikaa nusu saa karibu na mama mmoja aliyeinama maji yakimfika magotini. Kamba imefungwa kigingi hadi kigingi. Anachukua kitawi cha mwani cha ukubwa wa ngumi, anapitisha uzi mwembamba wanaouita taitai, anakaza kwa fundo moja, anasogea shibiri moja, anachukua kingine. Vidole havisiti, na macho yake hayapo kwenye fundo, yapo kwenye mstari wa maji. “Yakifika hapa,” akaonyesha paja, “nakwenda zangu.” Mwani huo hukaa wiki sita hivi kabla ya kuvunwa. Nilipomuuliza bei alitaja ya mwaka jana na ya mwaka huu, kisha akanyamaza, akaendelea kufunga. Usikanyage kamba zake ili upate picha nzuri.

Kwenye matumbawe elea, usisimame. Pwani hii ya Tanga iliumizwa sana na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi, na milio imepungua miaka ya karibuni baada ya serikali kukaza. Tumbawe lililosalia linajijenga taratibu mno. Mguu mmoja wa mgeni huvunja kazi ya miaka.

Jambo moja ulishike kwa nguvu: mpaka. Ukiwa baharini utaona Vanga pale karibu, na huenda mtu akasema twende mara moja tunywe chai. Huko ni Kenya. Wavuvi wana mazoea yao, wewe ni msafiri. Bila kupigiwa mhuri njia hiyo si yako. Tembea na kitambulisho au pasi kwenye mfuko usioingia maji, kwani ukaguzi wa Uhamiaji ni wa kawaida sehemu za mpakani. Simu nayo huvuka bila kuuliza: hudaka mtandao wa Kenya na kukumalizia salio. Weka mtandao wako kwa mkono kabla ya kuondoka Tanga.

Chakula agiza asubuhi, si mchana. Omba bada la muhogo na samaki wa kupaka nazi, au pweza kama bamvua limewapa wavuvi pweza. Bada likiliwa moto, kwa mkono, mchuzi ukiwa mzito, halihitaji sifa zangu. Mwezi wa Ramadhani usitafute chakula mchana wala usinywe maji mbele ya nahodha aliyefunga, fupisha safari. Ijumaa panga chombo kiwe kimerudi kabla ya swala au kiondoke baada yake. Mavazi ya kuogelea ni ya majini tu. Ukikanyaga kijiji, jifunge kanga au kikoi.

Yule mzee wa wavu, siku ile ya kwanza, alinikalisha mkekani hadi maji yalipoanza kurudi. Yalikuja bila kelele: kwanza mfereji mwembamba katikati ya tope, kisha kamba ya nanga ikanyooka, kisha boti ikatikisika mara moja na kusimama wima. Tulikuwa tumekunywa kahawa vikombe vitatu. Akaniambia nisihangaike leo, nirudi mwezi ukiwa na siku mbili tatu za kupungua. Nikamlipa nahodha mafuta aliyokwisha kununua, nikaondoka Moa saa kumi na moja ili niikute lami kabla ya magharibi. Nawe ufanye hivyo: saa kumi na moja, si zaidi, kwa kuwa barabara ile ya vumbi haina taa na mbuzi wa jioni hawana haraka.