Chawa wa Mbwa: Dawa ya Mara Moja Haitoshi

Mbwa wengi wa Pemba hawalali karibu na nyumba. Hulinda mihogo na migomba dhidi ya tumbili, au hufuatana na wasasi, na mwenyewe huwaona kwa mbali tu. Ndiyo maana chawa humsumbua mbwa kwa muda mrefu kabla ya mtu kugutuka. Dalili ya kwanza ni kujikuna kusikokwisha na kujisugua kwenye mashina ya miti. Baadaye manyoya hukatika na ngozi hufanya vidonda. Watoto wa mbwa na mbwa waliokonda ndio wanaoathirika zaidi.

Wengi wa chawa hawa wana taya za kutafunia, na hula magamba ya ngozi na manyoya. Anayefahamika zaidi ni Trichodectes canis, mwenye kichwa kipana na urefu wa milimita 1 hadi 2. Katika nchi za joto yupo pia Heterodoxus spiniger, mkubwa zaidi, ambaye asili yake ni wanyama wa jamii ya kangaruu huko Australia. Amesafiri kuliko wengi wetu.

Ili kumtambua, fumbua manyoya ya mbwa juani. Kiroboto huruka, na kupe hung'ang'ania ngozi akavimba. Chawa hutembea kati ya manyoya, na mayai yake meupe hugandamana na unywele. Ukipukuta na vile vyeupe visidondoke, hiyo si mba.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Dawa ya kuogeshea huua chawa, lakini mayai mengi hubaki salama, nayo huanguliwa baada ya wiki 1 hadi 2. Mwenye mbwa huona mnyama wake ametulia, akaridhika. Kumbe kizazi kipya kinakua. Kwa hiyo mbwa huogeshwa tena baada ya wiki 2 hivi, kwa kadiri ya maelekezo ya mtaalamu wa mifugo. Mbwa wote wanaolala pamoja waogeshwe siku moja, na magunia yao ya kulalia yachomwe au yafuliwe kwa maji ya moto.

Dawa ya kunyunyizia mimea isitumike kamwe. Mbwa hujilamba, na sumu hiyo humuingia tumboni. Hata dawa halali ina mipaka yake: baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini, ambayo huweza kumuua paka. Paka awekwe mbali hadi mbwa akauke.

Chawa wa mbwa hawaishi mwilini mwa binadamu, wala hawahamii kwa mbuzi. Hata hivyo, Trichodectes canis huweza kubeba mbegu ya minyoo ya tegu, na mtoto anayechezea mbwa akimmeza chawa huyo kwa bahati mbaya huweza kupata minyoo hiyo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Mfugaji anayemfuata daktari wa mifugo kwa ajili ya chawa aulizie pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kutokomezwa Pemba, lakini mwaka 2016 ulirejea baada ya uchanjaji kulegea, na ilichukua hadi mwaka 2018 kuudhibiti tena. Mbwa aliyezoea kushikwa na kuogeshwa hasumbui siku ya sindano.