Kuunga Pete za Zege za Kisima Kwenye Mbuga ya Mhunze

Mteja wa Mhunze akinipigia simu kuhusu kisima, huanza na bei ya pete moja. Mimi huanza na udongo. Sehemu kubwa ya Kishapu ni mbuga, ule udongo mweusi unaopendwa na pamba: kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua zikinyesha unavimba na kusukuma chochote kilichomo. Pete iliyotengenezwa vizuri haipasuki ovyo. Kinachoachia ni kiungo.

Kazi hii Shinyanga ina historia. Kati ya 1974 na 1978, mradi wa visima vifupi uliosaidiwa na Uholanzi ulijenga mamia ya visima mkoani, na vya mwanzo vilichimbwa kwa mkono na kuwekewa pete za zege. Utaratibu haujabadilika sana.

Nachimba Septemba au Oktoba, maji yakiwa yameshuka kabisa. Pete ya kipenyo cha mita 1, unene wa sentimita 8 na kimo cha nusu mita ina zaidi ya kilo 300, kwa hiyo inashushwa kwa kapi na miti mitatu, tena ikiwa imekaa na kumwagiliwa angalau siku 7. Ukingo wake wa juu uwe na mfuo na wa chini uwe na ulimi, ili pete ziumane. Pete bapa juu na chini, nyingi zinauzwa hivyo, mimi sinunui hata kwa nusu bei.

Kisha nondo. Kila pete naiachia vishikio vinne upande wa ndani, na nikishapanga nafunga cha juu na cha chini kwa kipande cha nondo. Mafundi wengi huliruka hili kwa kuona uzito unatosha. Unapochimba ndani ili pete zishuke zenyewe, mbuga inaweza kubana zile za juu huku za chini zikiendelea kushuka. Hapo mnyororo unakatika na matope yanaingia.

Sasa udongo wa saruji, na hapa ndipo tunapobishana zaidi. Viungo vya mita 3 za juu vizibwe kabisa, maana huko ndiko maji machafu ya zizi na choo hupenyea. Saruji 1 kwa mchanga 3 wa mtoni uliooshwa, mzito. Lowanisha mfuo, pakaza, shusha pete, pima kwa timazi, halafu sindilia kwa mwiko kutoka ndani na ufunike vishikio visipate kutu. Viungo vilivyo ndani ya maji viache vikavu, na nje yake jaza kokoto: maji yataingilia wapi ukiziba kila mahali?

Nje ya pete za juu usirudishe mbuga. Shindilia udongo wa kichuguu kwa matabaka. Sakafu ya juu nayo isishikamane na pete; acha mwanya mdogo uujaze lami, udongo ukivimba sakafu ipande peke yake.

Maji yakizidi wakati wa kuunga, yavute kwa ndoo au kwa pampu iliyo juu. Mashine ya petroli isishushwe kisimani kamwe: moshi wake unaua mtu kabla hajapiga kelele.