Hesabu ya Boriti

Mara nyingi twaulizwa: Jambo moja likifuata mengine matatu, tulihesabuje? Na tutazame boriti ya paa.

Mzigo uwezao kubebwa katikati ya boriti huongezeka sawasawa na upana wake. Tena huongezeka kama kimo kilichozidishwa kwa kimo. Lakini urefu ukizidi, mzigo hupungua kwa kadiri ile ile. Hayo aliyaeleza Galileo Galilei wa Italia katika kitabu chake cha mwaka 1638. Basi twazidisha upana kwa kimo, tena kwa kimo, twagawanya kwa urefu, kisha twazidisha kwa K. K ni namba isiyobadilika, maadamu mti ni wa namna moja.

Kwanza tutafute K. Tuseme boriti ya upana wa inchi 2, kimo inchi 4, urefu futi 8, ilijaribiwa ikabeba kilo 400 tu. 2 mara 4 mara 4 ni 32. Tukigawanya kwa 8 twapata 4. Basi K ni 400 kwa 4, yaani 100.

Sasa boriti ya mti ule ule, upana inchi 2, kimo 6, urefu futi 12: 72 kwa 12 ni 6, mara 100 ni kilo 600. Lakini fundi akiilaza ubavu, upana huwa 6 na kimo 2: 24 kwa 12 ni 2, mara 100 ni kilo 200 tu. Mti ni ule ule, nguvu ni theluthi!

Kwa hiyo, ndugu, tusiidharau hesabu hii. Waketio chini ya paa humtegemea aliyeifanya.