Mkutano wa Vijana kwa Habari ya Afya ya Akili

Kijana akivunjika mguu huchukuliwa hospitali upesi. Bali akiugua akilini, wengi humcheka au humficha. Marekani, Clifford Beers aliugua hivyo mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 24. Alipopona aliandika kitabu, mwaka 1908, akieleza mateso aliyoyaona hospitalini. Kisha akaanzisha chama cha kuwatetea wagonjwa. Watu walimsikiliza kwa kuwa alinena aliyoyapata mwenyewe.

Basi wanaotaka kuita mkutano wa vijana kwa jambo hili na washike haya:

1. Vijana wenyewe wachague mambo ya kuzungumzwa, nao wazee wakae kusikiliza. Maana maradhi mengi ya akili huanza ujanani.

2. Mtu asishurutishwe kueleza habari zake. Na akizieleza, zisitangazwe nje.

3. Awepo mwuguzi au mganga wa hospitali, na chumba cha faragha, maana huenda mmoja akaelemewa papo hapo.

4. Kabla ya kuagana, kila mmoja ajue aende wapi akizidiwa. Mkutano usioonyesha mlango wa msaada hufunua kidonda na kukiacha wazi.

5. Waandike ombi moja tu, lililo dhahiri, kwa wakuu wa shule au zahanati, na wateuliwe wawili wa kulifuatia.

Siku ifaayo ni tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1992.

Swali la kuzungumza: Katika mtaa wenu, kijana aliyelemewa na huzuni atamwendea nani kwanza?