SOMO LETU: KOMPYUTA YA KUHARIRI VIDEO



Tangu vita vya 1991, Wabajuni wengi walihama Kismayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Wazee wanaokumbuka kazi za mashua na uvuvi wa zamani wanapungua. Tukitaka kuwarekodi, tununue vyombo kwa hesabu. Fedha za chama ni jasho la wanachama.

Kwanza, tupime mzigo. Kila picha ya video ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080. Kamera inayoandika megabiti 24 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 11 kwa saa. Mazungumzo ya saa 20 yahitaji gigabaiti 220. Pamoja na nakala ya akiba, 440.

Pili, kompyuta. Kamera huibana video ili ienee kwenye kadi, na kompyuta huifungua upya kila tunapoitazama. Ndiyo maana kompyuta dhaifu hukwama. Tutafute prosesa yenye nguvu, ramu ya gigabaiti 16, na diski ya kisasa isiyozunguka.

Tatu, programu. Kdenlive na Shotcut ni za bure. DaVinci Resolve pia ina toleo la bure, lakini yadai kadi ya picha yenye nguvu. Kompyuta ikilemewa, tuhariri kwa nakala nyepesi. Programu itatumia video asili wakati wa kutoa kazi kamili.

Fedha zikipungua, tupunguze bei ya kamera, tusiache diski ya akiba. Mzee akishafariki, hatuwezi kumrekodi tena.