Mbwa Aliyeokotwa, Mbona Alipiwe?

Mwenye boma Nkubu au Runyenjes akitaka mbwa wa kulinda nyumba, haendi dukani. Huuliza ni jirani gani ana jike aliyezaa, akangoja watoto waache kunyonya, kisha akarudi nyumbani na kijibwa ndani ya kikapu. Hakuna risiti. Ndiyo maana wakazi wengi wa Meru na Embu hushangaa wanapoambiwa kwamba shirika la kuokoa wanyama, kama vile KSPCA jijini Nairobi, hutoza ada kwa anayetaka kuchukua mbwa. Huyu si aliokotwa tu barabarani?

Aliokotwa, ndiyo, lakini hatoki pale jinsi alivyoingia. Mbwa wa mtaani mara nyingi hufika amekonda, ana kupe, viroboto na minyoo, na pengine ana kidonda cha kugongwa na gari. Hutengwa kwanza ili asiwaambukize wengine. Hupewa dawa ya minyoo, hutibiwa ngozi, huchanjwa. Siku hizo zote anakula, na yuko mtu anayelipwa kusafisha banda lake.

Gharama kubwa zaidi ni upasuaji wa kuzuia uzazi. Dume huhasiwa, na kazi hiyo si ndefu. Kwa jike, daktari wa mifugo humlaza kwa dawa ya usingizi, humpasua tumbo, huondoa kizazi, humshona, kisha humpa dawa za maumivu na kumwangalia hadi kidonda kipone. Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na jike mmoja aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Asipofanyiwa upasuaji huo, kuna watoto ambao majirani watakataa kuwachukua, na hao ndio huachwa kwenye jalala la soko.

Mfugaji wa kuku huelewa hesabu hii upesi. Kifaranga cha siku moja kilichochanjwa dhidi ya Mareks huuzwa ghali kuliko kisichochanjwa, wala hakuna anayemwita mwenye kiangulio mwizi.

Ada hiyo kwa kawaida hairudishi gharama yote; mashirika haya huishi kwa michango. Pia si ya mbwa mmoja tu. Wapo wazee na vilema ambao hakuna anayewataka, na chakula chao sharti kitoke mahali fulani.

Jambo linaloifanya hesabu hii kuwa nzito ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na bado unaua. Hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa duniani hupata virusi kutoka kwa mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa mara nyingi, kwa sababu hucheza naye na hawajui dalili za mbwa mgonjwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mpango wa kitaifa wa kuutokomeza, wa mwaka 2014 hadi 2030, unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kijibwa cha kwenye kikapu, kisichopelekwa kuchanjwa na mtu yeyote, hakimo katika hiyo asilimia 70.

Si vibaya kumchukua mbwa wa jirani. Ila mwenye boma ajue kwamba gharama zilezile zinamngoja: dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, na upasuaji iwapo hataki vijibwa zaidi. Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo wa kuulizwa kwanza kuhusu siku za chanjo ni afisa wa mifugo wa wadi.

Anayemchukua mbwa kutoka kwa shirika aombe kadi ya chanjo yenye tarehe na sahihi ya daktari, na aulize ada inagharimia nini. Amwone mbwa kwanza. Anayetuma picha nzuri kwa simu na kudai pesa kabla ya mbwa kuonekana huenda hana mbwa wowote.

Mtu akiumwa na mbwa, awe wa kwake au wa mtaani, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Kama mwenye mbwa anajulikana, kadi ya chanjo ipelekwe pia ili daktari aione.